Dawa Haimezwi kwa Tumbo Tupu

Nimechoka, na mtu asiniambie pole na kazi, maana kazi yenyewe iko wapi? Mwaka mzima katika maabara hapa Bungoma nimehangaika na dawa moja tu. Mama yangu, Jepkosgei, anaingoja kule Kitale, magoti yamevimba na tumbo lina vidonda. Akimeza vidonge vya kawaida, magoti yanatulia na tumbo linawaka. Akiviacha, hainuki kitandani. Sasa achague lipi?

Tulichukua dawa ya kupunguza uvimbe tukaiunganisha na kipande kingine, kazi yake kuzima zile chembe kali za oksijeni zinazochubua utando wa tumbo. Kwenye chupa ilifanya vizuri. Rangi ya zambarau tunayopimia iligeuka njano mbele ya macho yangu, ishara kwamba chembe zimezimwa, nikampigia Mama simu palepale. Mdomo wangu huu.

Likabaki jaribio la panya. Kundi moja linapewa dawa ya zamani, jingine yetu, kisha tunaangalia matumbo. Wote lazima walale njaa, kwa sababu chakula hukinga tumbo na hapo huwezi kujua dawa imefanya nini. Alhamisi tukayafungua. Matumbo ya kundi letu, safi. Ya dawa ya zamani, ambayo yangepaswa kuwa na vidonda, nayo safi. Nikakaa chini.

Nikamwita Rotich, mtunzaji wa wanyama, mtu wa Kapsokwony mwenye huruma isiyo na breki.

"Rotich, hawa walikula?"

"Kidogo tu, daktari. Kaugali. Si asubuhi walikuwa wapewe dawa? Kwetu mtu hapewi dawa kama hajakula."

"Nilisema wasile."

"Ulisema. Lakini walikuwa wananiangalia, bana."

Ningemfokea vipi? Ndivyo tulivyolelewa wote, kwanza uji, ndipo kidonge. Nikamwambia aende nyumbani. Mimi nikabaki na majaribio ya kuanza upya, panya wapya, kibali kipya. Na hata yakifaulu, mpaka binadamu aruhusiwe kuimeza ni miaka.

Jumamosi nikaenda Kitale kumwambia Mama asingoje. Nilimkuta jikoni, mguu ameuegemeza juu ya gunia la mahindi. Nikamweleza yote, hata ya Rotich. Hakukasirika. Alicheka kidogo, cheko la mtu anayeumwa.

"Huyo Rotich ni mtu mzuri," akasema.

"Ametuharibia kazi, Mama."

"Mh. Lakini ni mzuri."

Akatoa kidonge kwenye pakiti, akajimiminia chai ya rangi iliyobaki kwenye thamosi tangu jana.

"Mama, umekula?"

"Nikule nini, Chelimo? Tangu baba yenu atuache, siwashi moto kwa sababu ya mtu mmoja. Namezanga tu hivi."

"Kila siku?"

"Sasa nani ataniuliza?"

Nikatazama jiko. Majivu yalikuwa yamepoa kitambo. Mwaka mzima natafuta kitu cha kulikinga tumbo lake, na panya wa Bungoma walikuwa na Rotich.

Nikakichukua kile kidonge mkononi mwake, nikakiweka mezani, nikaenda kutafuta unga.