Majina ya Penseli

Kwenye ukuta wa wodi ya wazazi, kando ya kalenda ya mwaka juzi, palibandikwa rosta ya zamu. Wauguzi wenye ajira waliandikwa kwa wino. Waliojitolea waliandikwa chini yao, kwa penseli, na kila mwezi ukiisha Sister Mubanga, msimamizi wa wodi, alichukua kifutio akawafuta, kisha akawaandika upya palepale. Karatasi ni haba, alisema. Febby alikuwa amefutwa mara ishirini na sita.

Miaka miwili na miezi miwili ilikuwa imepita tangu arudi Nchelenge na diploma yake ya ukunga. Hospitali hii ya kando ya ziwa, ambayo jina lake nitaliacha, ilikuwa na wauguzi wawili tu wa ajira kwa wodi nzima ya wazazi. Kila mwaka iliomba iongezewe, na kila mwaka iliambiwa isubiri. Wakati huohuo wauguzi waliosoma wamejaa ufukweni Kashikishi wakianika chisense, dagaa wa ziwa hili, juu ya neti kama mtu mwingine yeyote. Kazi ipo hadi inamwagika, ajira ndiyo hakuna. Ukitaka kulielewa hilo, kamuulize mwenye akili kuliko mimi.

Basi likatoka tangazo. Nafasi nne kwa wilaya, na waliojitolea wangefikiriwa kwanza, mradi wawe na barua ya msimamizi inayothibitisha kazi yao. Muombaji afike mwenyewe boma, yaani ofisi ya wilaya, na vyeti vyake, atie sahihi mbele ya karani. Mwisho ni Ijumaa, saa kumi kamili alasiri. Febby alilisoma mara tatu akiwa amesimama, akaenda kwa Sister Mubanga huku tayari anatabasamu.

"Ba Febby, miye naandika tu ile kitabu inasema," Sister alimwambia, kwa ile "Ba" ya heshima, bila kuinua kichwa. "Uniletee kitabu iko na jina yako."

Tabasamu likamkauka mdomoni. Kwenye kitabu cha uzazi, safu ya mwisho ni ya jina la aliyempokea mtoto, na hospitalini pale aliruhusiwa kuijaza mwenye namba ya kazi peke yake. Siku yake ya kwanza kabisa, Febby alipomaliza kumfunga mtoto kitovu, muuguzi wa zamu aliyeitwa Chikondi alikuwa kitanda cha pili, mikono imejaa damu ya mgonjwa mwingine. "Andika yangu," Chikondi alimwambia. "Kesho tutatengeneza." Kesho hiyo haijafika hadi leo. Febby aliandika "Chikondi Banda" hadi akawa analiandika vizuri kuliko Chikondi mwenyewe.

Alimkuta Chikondi bombani nyuma ya wodi, anasuuza karatasi za plastiki ambazo akina mama huja nazo za kulalia. Chikondi hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomkera Febby zaidi, maana mtu mbaya ungemtukana ukapumua. Alikuwa mtu wa Chipata, yuko mbali na kwao, anaishi chumba kinachovuja, anafanya zamu mbili kwa siku moja. Mgonjwa akija bila glovu zake, Chikondi huzunguka wodi nzima akiomba kwa wagonjwa wengine.

"Umuambie Sister ukweli," Febby alisema. "Neno moja tu. Kama bale batoto ni miye nilibapokea."

Chikondi aliendelea kusuuza. "Nikisema hivyo, nimesema nilidanganya kitabu. Batanipokonya leseni. Mama yangu kule Chipata atakula nini?"

"Na miye?"

"Febby, miye mwenyewe nimechoka. Karibu niache hii kazi." Akakung'uta karatasi moja ya plastiki. "Ijumaa, Siku ya Wauguzi, banataka kunipa cheti. Muuguzi bora wa wodi. Banasema nimezalisha wamama mia mbili na kumi na mbili kwa mwaka. Na banipeleke Mansa, hospitali kubwa."

Febby alicheka. Si kicheko cha furaha, ni kile kinachomtoka mtu akijigonga kidole cha mguu kwenye kitanda. Kati ya hao mia mbili na kumi na wawili, mia na hamsini walikuwa wake, na alizikumbuka nyuso. Aliondoka bila kuaga, na siku mbili mfululizo walifanya kazi bega kwa bega wakizungumza kwa vidole: leta hiki, shika pale.

Ijumaa asubuhi benchi zilipangwa uani. Mgeni rasmi alikuwa amechelewa, na alipofika alikuwa na hotuba ndefu. Alizungumza juu ya moyo wa kujitolea, na Febby, aliyesimama nyuma karibu na jiko la wagonjwa, alitamani kumrushia sufuria. Mtu anayesifu kujitolea kwa mwenzake huwa ameshakula.

Mpango ulikuwa akina mama waliojifungua pale waje na watoto wao, waimbe, kisha wamzunguke muuguzi bora. Sister Mubanga ndiye aliyeubuni na alijivunia sana. Walikuja kina mama wa Kashikishi, wakaja na Wakongo kutoka kambi ya wakimbizi. Jina la Chikondi lilipotajwa, akasogea mbele katika sare iliyopigwa pasi. Kina mama wakaanza wimbo, wakamtazama, wimbo ukapungua, ukafa.

Joëlle, mkimbizi aliyekuwa akiuza mihogo sokoni, alikuwa mstari wa mbele na watoto wake mapacha, mmoja mgongoni na mmoja mkononi. Hakuwa mtu wa kumung'unya maneno.

"Hapana, haiko huyu!" alisema kwa sauti, kwa Kiswahili cha kwao ambacho "njo" ni "ndiye". "Miye huyu simujue hata. Ule Febby njo alinizalishaka. Iko wapi Febby? Ule pale nyuma, njo ye! Vraiment, kweli, munapatia cheti mutu mwingine?"

Kina mama wakageuka. Wakaanza kwenda nyuma, mmoja mmoja, kisha wote, hata wale wa Chikondi, hadi benchi za mbele zikabaki na mgeni rasmi na maofisa wake. Febby alijikuta amezungukwa na watoto wanaomvuta kola, na badala ya kufurahi aliogopa.

"Ni nini hii?" mgeni rasmi akamuuliza Chikondi.

Chikondi angeweza kusema hawa wakimbizi hawajui wasemalo. Wengi wangemwamini. Alikitazama kile cheti kwenye fremu, akaitazama sare yake.

"Banasema kweli, mukwai," akasema kwa heshima. "Jina ni yangu. Kazi ni ya Febby."

Sherehe ikaishia hapo, soda hazikufunguliwa. Mgeni rasmi alirudisha cheti ndani ya gari, akasema Chikondi ataitwa mbele ya kamati, na safari ya Mansa isahaulike. Sister Mubanga, aliyekuwa ameona aibu mbele ya wakubwa, aliingia ofisini akafunga mlango. Alitoka saa tisa kasorobo. Barua ilikuwa na mhuri na sahihi, na jina la Febby katikati.

"Kimbia," alisema. "Boma banafunga saa kumi."

Febby alikunja barua, akaitia mfukoni pamoja na vyeti vyake, akakimbia. Kwa baiskeli ya kukodi ni nusu saa. Muda ulikuwa unatosha na kubaki.

Getini alikutana na mkokoteni. Juu yake alilala mwanamke kutoka kisiwa cha Kilwa, kile cha humuhumu ziwani, aliyekuwa ndani ya boti tangu alfajiri, na mume wake alikuwa akisukuma huku analia waziwazi. Febby hakutaka kutazama. Alitazama. Mtoto alikuwa ametanguliza makalio, na mguu mmoja ulikuwa umeshatoka.

"Chikondi!" aliita. "Chikondi, kuja!"

"Niko na mutu wa kifafa cha mimba!" Chikondi alijibu kutoka dirishani. "Siwezi kumuachilia! Sister ameenda na bakubwa!"

Sitaki kukudanganya kwamba Febby alikuwa na moyo wa dhahabu. Alikuwa na hasira. Alimkasirikia yule mwanamke kwa kutokuja jana, akaikasirikia boti, akamkasirikia Mungu waziwazi, kwa Kibemba. Baiskeli ya kukodi ilikuwa imesimama hatua kumi, mwenyewe ameshika kengele anamsubiri. Febby alitukana, akaushika mkokoteni, akausukuma kurudi ndani.

Glovu za mwanamke zilikuwa zimelowa maji ya ziwa. Alizivaa hivyohivyo. Mtoto wa makalio hataki haraka, unamwachia ashuke mwenyewe, na mikono yako inangoja ilhali moyo unakimbia. Mabega yalichelewa. Kichwa kikachelewa zaidi. Alipotoka alikuwa wa bluu na kimya, na Febby alimsugua mgongo, akampulizia hewa, akamsugua tena, hadi mtoto akapiga kelele ya kuudhika. Mume kule nje alisikia, akaketi chini mchangani.

Chikondi akaingia, jasho linamtiririka. Mgonjwa wake alikuwa ametulia. Alimtazama mtoto, akaitazama barua iliyochomoza mfukoni mwa Febby, kona imeingia damu. Akaenda mezani, akafungua kitabu cha uzazi, akamnyooshea kalamu ya wino.

"Andika yako," alisema.

Febby alivua glovu. Aliandika kijiji cha mama. Aliandika kiume, kilo mbili na gramu mia tisa, makalio, hai. Kwenye safu ya mwisho aliandika jina lake lote, polepole, akiikandamiza kalamu hadi ikaacha alama kwenye ukurasa wa chini.

"Na saa," Chikondi alisema kwa sauti ndogo. "Umesahau saa."

Febby aliinua macho kuitazama saa ya ukutani, akaandika: saa kumi na dakika ishirini.