Mwaka Wagalu Hawakuja

Dada yangu Nyanjige alizirundika choroko juu ya boneti ya gari langu la ubunge, mizizi ikiwa bado na udongo, akasema, "Karibu nyumbani, Mheshimiwa."

Hakuwahi kuniita hivyo. Ndiye aliyenilea mama alipofariki, na kwake nilikuwa Luhende, au siku za furaha, ngosha, yaani mwanaume. Nilisimama uani kwake, nje kidogo ya mji wa Bariadi, nikiwa na suti ya Dodoma na uso wa mtu aliyefumaniwa.

"Nani kang'oa?" nikauliza.

"Bwana shamba. Kasema ni sheria. Nikamuuliza sheria ya nani, kasema muulize mdogo wako."

Sheria ilikuwa ya kuongeza mavuno ya pamba, na nia ilikuwa njema. Kifungu cha kumi na nne kilikataza zao jingine lolote katikati ya mistari ya pamba. Mtu yeyote wa Simiyu angewaambia kwamba wanawake hupanda choroko humo humo, maana pamba huuzwa, lakini choroko ndizo zinazopikwa watu wakiingoja pamba. Mtu wa Simiyu alikuwepo bungeni siku ile ya Novemba ilipopitishwa. Alikuwa mimi, na sikukisoma. Nani angenitia hofu hata nisome? Wapinzani wote walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mwenyekiti alitaja vifungu mfululizo, sisi tukaitikia "Ndiyo" kama watu wanaojibu salamu, na kila kimoja kikapita bila mabadiliko yoyote. Saa saba tulikuwa tunakula kuku. Naona aibu kuandika kwamba kuku alikuwa mtamu.

Mwaka ule Nyanjige alikula ugali na mlenda, siku nyingine ugali na chumvi. Nilimpelekea magunia ya maharage. Aliyagawa yote kwa majirani, mbele ya dereva wangu.

Julai, pamba ikiwa imeshavunwa, aliniita kwenye ngoma. Sisi ni Wagika, na siku zote tunashindana na Wagalu: makundi mawili ya ngoma, uwanja mmoja, wakati mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi upande wake. Mwaka ule Wagalu hawakuja. Viongozi wetu walikuwa wamewaficha tarehe, wakaona wamecheza karata nzuri.

Mboje, manju wetu, aliingia uwanjani kachelewa, njuga za mguu mmoja zikining'inia. Aliimba wimbo wa mwaka juzi. Watu hawakuwa na upande wa kuhamia, wakasimama tu, kisha mmoja mmoja wakaenda kununua miwa. Saa tisa alitangazwa mshindi.

Nyanjige alicheka hadi akakaa chini.

"Mboje si mvivu," alisema alipotulia. "Mwaka jana alifanya mazoezi mpaka miguu ikavimba. Leo aivimbishe kwa ajili ya nani?" Akanigeukia. "Na ninyi huko Dodoma, mnacheza na nani?"

Kwenye mkoba nilikuwa na muswada mwingine, uliotaka kupeleka katazo lile lile kwenye mahindi.

Huo niliusoma hadi nukta ya mwisho. Septemba, mnadhimu wa chama chetu aliniita pembeni, akanikumbusha kwa upole kwamba kura za maoni za kuteua wagombea zilikuwa karibu. Niliogopa, sitasema uongo. Niliupenda ubunge. Kifungu chenyewe kilipofikiwa, ukumbi ukaitikia "Ndiyo". Mwenyekiti akauliza wasioafiki, kwa mazoea tu.

"Siyo," nikasema.

Sauti ilitoka nyembamba kama ya mwanambuzi. Ukumbi ukacheka. Marcelo, mbunge aliyekaa kushoto kwangu, akaninong'oneza, "Kifungu gani hicho?" Akafunua kurasa, akasoma, akaacha kucheka. "Mama yangu analima kunde humo," alisema. Mwenyekiti alikuwa bado anatabasamu Marcelo aliposimama kuomba ufafanuzi. Nyuma yetu nikasikia karatasi zikifunuliwa, safu kwa safu.

Waziri aliomba muda. Kufikia Februari makatazo yote mawili yalikuwa yamefutwa. Dodoma, miezi hiyo ni michache. Kwa Nyanjige ilikuwa msimu mzima uliopotea.

Kwenye kura za maoni nilianguka, kishindo kikasikika hadi Maswa. Siku ya kwanza nililia. Ya pili nikaenda kupalilia, na tangu hapo nalala usingizi mzuri.

Mwaka huu Wagalu wamekuja, tena wamealikwa kwa barua. Mboje alikuwa uwanjani tangu asubuhi, njuga zimekazwa miguu yote miwili, wimbo mpya, jasho linamtiririka. Sijawahi kumwona akicheza vile. Na bado ilipofika alasiri watu wakaanza kuhamia upande wa pili, na mimi, msaliti, nikiwa miongoni mwao. Huko nikamkuta Nyanjige kanitangulia, anapiga vigelegele.

"Tumepigwa vizuri," alisema tukirudi nyumbani, kachoka, kafurahi.

Alipakua choroko zilizoungwa kwa karanga, akasukuma sahani upande wangu.

"Kula, ngosha," akasema.