Folda ya Giteranyi

Egidius alipopiga simu kutoka Muyinga kusema folda ya Giteranyi haionekani, Gaudensia alikuwa ofisini Gitega akila muhogo wa kuchemsha. Aliuweka chini, akajifuta mikono.

"Haionekani, au umeifuta?"

"Mi nilifuta ya kwenye mashine yangu tu, shemeji. Ilikuwa inasema imejaa. Ya mtandaoni niliiacha."

"Ni folda moja hiyo hiyo. Ukifuta huku, na kule inafutika."

Egidius alisema jambo kama hilo lingefaa mtu aambiwe mapema.

"Uliambiwa. Kompyuta ilikuuliza, ukabonyeza ndiyo."

"Mashine iko inauliza mambo mengi."

Egidius alikuwa mkuu wa tawi la Muyinga la shirika lao la mbegu za maharage, naye Gaudensia alitunza data za shirika zima. Tena Egidius alikuwa kaka mkubwa wa Simoni, mume wa Gaudensia, waliyemzika mwaka uliopita. Ndani ya folda ile mlikuwa na masomo ya sauti ambayo Simoni aliwarekodia wakulima wa Giteranyi: kuchagua mbegu, kupanda, kupalilia. Somo la mwisho, la kuhifadhi maharage yasiliwe na fukusi, alilirekodi akiwa tayari anaumwa, Egidius akimshikia simu. Tangu msiba Egidius alikuwa akiahirisha kuwasikilizisha watu somo hilo. Sasa wakulima walikuwa wamevuna, na mkutano wa kulisikiliza ulikuwa Jumamosi.

"Bon, lakini bakapu iko," alisema Egidius. "Kila usiku unakopi vyote."

"Sikopi vyote. Usiku wa kwanza tulinakili kila kitu. Tangu hapo, kila usiku kinachukuliwa kile tu kilichoongezwa au kubadilika tangu usiku wa jana yake. Tungenakili vyote kila siku, mtandao wetu ungekuwa bado unahangaika mpaka saa sita mchana."

"Na kurudisha?"

"Naanza na ile nakala kamili, halafu naweka juu yake mabadiliko ya kila usiku kwa mpangilio, mpaka siku ya kabla hujafuta."

"Ukiruka moja?"

"Siruki."

Kapu la taka la mtandaoni lilikuwa limeshajimwaga lenyewe, kwani Egidius alikuwa amefuta folda hiyo tangu masika bila kujua. Gaudensia alifungua folda mpya pembeni, ili vya zamani visije vikafunika vilivyoandikwa baadaye, akaanza kurudisha. Kila faili lililoingia alilifungua kuhakikisha ni zima. Sauti ya Simoni ilipotoka kwenye kompyuta, mwenzake wa meza ya pili alinyanyuka akaenda kusimama nje. Gaudensia alisikiliza maneno machache, akafunga, akafungua faili lingine.

Alasiri nakala ya usiku mmoja ilikataa. Ilikuwa imeharibika humo humo ilimohifadhiwa. Kama usiku ule nakala isingechukuliwa kabisa, usiku uliofuata ungeyachukua mabadiliko yale yale. Lakini ilichukuliwa vizuri, ikaharibika baadaye. Ndiyo iliyokuwa na somo la mwisho. Nakala zilizofuata zilifunguka zote, na somo halikuwemo hata katika moja, kwa sababu halikubadilishwa tena. Simoni alikuwa ameshalimaliza.

Alimpigia Egidius.

"Yote yamerudi, isipokuwa la fukusi."

"Na simu aliyorekodia?"

"Ilifutwa akapewa mtu mwingine. Na mimi sikuwahi kujaribu kurudisha chochote tangu msiba. Ningejaribu, ningeliona mapema."

Upande wa pili ilisikika pikipiki ikipita.

"Nitawaambia nini watu?"

"Utawafundisha wewe. Ulikuwepo."

Ijumaa Gaudensia alipanda basi kwenda Muyinga, na asubuhi yake wakachukua pikipiki mbili hadi Giteranyi. Wakulima walikuwa wamejaa kwenye ukumbi wa parokia. Egidius hakuwa mwalimu. Alisimama na punje ya haragwe mkononi, akaeleza kwamba masomo mengine watayasikia kwa Simoni, ila hili watavumilia kulisikia kwake.

"Haragwe iko kavu ukiling'ata likavunjika kwa mlio," alisema. "Likiacha alama ya meno, rudisha juani. Halafu pipa lifungwe, hewa isiingie. Fukusi naye anahitaji kupumua."

Hapo akanyamaza. Gaudensia, aliyekuwa anarekodi, alidhani amesahau. Baadaye ndipo Egidius alipomweleza kwamba Simoni alisimama hapo kukohoa, naye hakujua kuendelea bila kusubiri.

"Na tukitaka kula?" aliuliza Dorotea, mama mmoja wa mstari wa mbele. "Tusifungue?"

"Ya kula weka kando. Ya mbegu usiifungue mpaka mvua."

"Marehemu alisema hivyo?"

"Alisema hivyo."

Dorotea alimtazama kwa muda, akaketi.

Jumapili baada ya misa walifungua ofisi ya Muyinga. Gaudensia hakutaka tena kuegemea mlolongo wenye pengo, kwa hiyo alianzisha nakala kamili mpya, na somo la Egidius likiwa ndani. Kazi ilikwenda polepole. Wakisubiri, Egidius aliomba kusikiliza lile la kupanda.

Simoni alikuwa akieleza nafasi kati ya shimo na shimo. Katikati, sauti ya Gaudensia ikaita kwa mbali kwamba chakula kinapoa. "Mtanisamehe," Simoni aliwaambia wakulima, "huyo ni mkubwa wangu." Akaendelea na mashimo.

Egidius alisimamisha sauti.

"Ilikuwa chakula gani?"

"Maharage," alisema Gaudensia.

Egidius aliitikia kwa kichwa, akabonyeza tena iendelee.