Dirisha la Sekunde Nzima

Mimi nina hasira, sifichi. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi. Siku ile mkuu wa maabara alinitupia karatasi zangu mbele ya watu wote.

"Umenakili! Mchoro wa leza na wa mwanga wa joto imefanana kama mapacha. Usiponionyesha tofauti kabla ya saa kumi jioni, rudisha funguo za maabara."

Miaka sita ya masomo, iende hivi hivi!

Kazi yenyewe ilikuwa kuhesabu fotoni, yaani chembe za mwanga. Za leza huja kila moja na lake, hazisubiriani. Za mwanga wa joto, kama wa taa, huja kwa mafungu: mara zinamiminika, mara kimya. Mwanga huo tuliuigiza kwa kupitisha leza kwenye kioo kilichokwaruzwa, kinachozungushwa na mota. Mafungu yalipaswa kuonekana. Wapi!

Mafaili yalitunzwa na shemeji, mume wa dada yangu, tuliyemwita Taratibu kwa upole wake. Nilimkuta anakaza skrubu, mota inavuma.

"Umeniwekea faili la leza mara mbili, siyo?"

"Shemeji, punguza moto. Nimehifadhi ulichopima. Hebu kwanza tuangalie..."

"Tuangalie nini, mnafiki wee!"

Nikamzaba kofi. Akanishika mikono, hakunirudishia, na hilo ndilo lililonipandisha wazimu. Nikamtwanga kichwa cha pua, damu ikarukia meza. Nikamkaba shati, nikamsukuma kwa nguvu zangu zote. Akaangukia mota. Kioo kikapasuka kikiwa kinazunguka, vipande vikamrukia usoni. Alipiga ukelele ambao mpaka leo nausikia. Alikuwa ameziba jicho la kushoto, na damu inachuruzika katikati ya vidole.

Wenzetu walipomkimbiza hospitali, nilikaa mbele ya kompyuta yake. Dirisha la kuhesabu, yaani muda wa kila hesabu moja, lilikuwa sekunde nzima. Lilipaswa kuwa sehemu moja ya laki moja ya sekunde. Kwa muda mrefu hivyo mafungu yanachanganyika, na mwanga wa joto unafanana na leza kabisa. Na niliyelirefusha ni mimi. Mafaili makubwa yalikuwa yanachelewa kufunguka, nikakosa subira, nikalirefusha ili yapungue, kisha nikasahau.

Pembeni kulikuwa na faili jingine. Taratibu alikuwa amehifadhi wakati wa kufika wa kila fotoni, moja moja. Nikahesabu upya kwa dirisha fupi, mafungu yakajitokeza wazi. Saa kumi kasorobo nikampelekea mkuu mchoro. Akanipa mkono; ya shemeji hayakuwa yamemfikia.

Kesho yake hospitali nilimkuta shemeji kafungwa bendeji nusu ya uso. Jicho lilikuwa limekwisha kutolewa.

"Yameonekana?" akauliza.

"Yameonekana."

"Dirisha, siyo? Ndilo nililotaka tuangalie."

Nikalia kama mtoto. Dada, aliyekaa kitandani ameshika viatu vya mumewe, hakuniangalia.

"Kaka," akasema, "alikuwa amebakiza neno moja tu."