Vitamini za Shemeji Andrea

Shemeji yangu Andrea alirudi kutoka Burma na buti, koti la jeshi, na neno moja ambalo milimani kwetu hakuna aliyewahi kulisikia: vitamini. Koti lililiwa na nondo, buti zikaisha soli. Neno likabaki, naye akaling'ang'ania mpaka likamfukuzisha nyumbani kwetu.

Nasema nyumbani kwetu makusudi. Sisi Waluguru ardhi hufuata upande wa mama. Yale mashamba ya juu ya Mlali yalikuwa ya bibi yetu, kisha ya mama, kisha yetu mimi Bernadeta na mdogo wangu Magdalena, na msimamizi alikuwa mjomba wetu Kasiani. Andrea alikuja kumwoa Magdalena, akapewa mahali pa kujenga na shamba la kulima. Kulima aliona ni kazi ya watu ambao hawakwenda vitani. Alipenda kusimama kwenye mteremko, mikono nyuma, sisi tumeinama kwenye karoti, akatusimulia jinsi daktari wa jeshi alivyowagawia vidonge kila asubuhi.

"Ndiyo maana mnaniona hivi," alikuwa akisema.

Tulimwona. Hatukuona cha ajabu.

Magdalena alikaa miaka bila kushika mimba. Ndoa ile ilikuwa na watu wawili, lakini Andrea alikwisha kujua mgonjwa ni yupi, wala hakuhitaji kuuliza.

"Damu yake ni ya majani," alisema. "Mtu aliyekula mchicha na mnavu tangu utoto atapata wapi nguvu ya kubeba mtoto? Majani ni ya mbuzi."

"Na mbuzi anazaa kila mwaka, shemeji," nikamwambia.

Alinitazama kama ofisa anavyomtazama askari aliyesahau kufunga vifungo.

Mwaka mmoja kabla watu wa milimani hawajagomea amri ya serikali ya kikoloni ya kuchimba matuta mashambani, tulishuka Morogoro kuuza njegere na kabichi. Tulipomaliza, Andrea akatuongoza hadi duka la dawa, yeye mbele na kifimbo chake, mimi na Magdalena nyuma na vikapu vitupu. Muuzaji alikuwa bwana mmoja aitwaye Stambuli.

"Nataka vitamini," Andrea akasema kwa sauti ya kusikika barabarani.

"Za nani, bwana?"

"Za mke wangu."

"Ana mimba, au bado anatafuta?"

"Anatafuta. Lakini nataka zitakazomfaa hata baadaye."

Stambuli akapanga mezani alivyokuwa navyo: mafuta ya ini la samaki, vidonge vya njano ndani ya kopo, na chupa kubwa ya dawa nyekundu ya maji, tamu, ya kuongeza nguvu. Kisha akasema, kwa upole tu, "Ingekuwa vizuri mama apimwe kwanza. Na wewe pia, bwana."

"Mimi nimepimwa na jeshi la Mfalme," Andrea akajibu, shingo imemvimba.

Baada ya hapo Stambuli hakutoa ushauri tena. Andrea akainua kila kimoja mkononi kuona kipi kizito. Chupa nyekundu ilikuwa nzito kuliko vingine, na juu yake palikuwa na picha ya mwanamume kifua wazi, ameinua chuma juu ya kichwa.

"Hii," akasema. "Tazameni misuli hiyo."

"Shemeji," nikamuuliza, "huyo bwana wa pichani alijifungua lini?"

Stambuli akageuka upesi kupanga rafu, mabega yakimtikisika. Magdalena akanikanyaga mguu. Wakati ule bado alikuwa akimtetea mumewe.

Basi ikawa kila alfajiri Andrea anamsimamisha mke wake mlangoni, wima, mikono ubavuni, anampa kijiko. Naye mwenyewe alikunywa viwili, kwa kuonja alisema, kuhakikisha dawa haijaharibika. Mchicha ukapigwa marufuku nyumbani. Maharage yakapelekwa sokoni pamoja na njegere, na mayai yakafuata, ili zipatikane chupa nyingine. Fikiria mtu anayelala katikati ya mboga ambazo watu wa mjini wanazigombania, anaziuza zote, kisha anarudi na dawa ya kutibu ukosefu wa chakula.

Mimba ikaingia. Hata leo sijui kwa nini mwezi ule na si mwezi mwingine, na Sista Anastasia wa zahanati ya misheni, niliyemuuliza baadaye, alisema naye hajui. Andrea alijua. Alipita nyumba kwa nyumba kama mtu aliyeshinda kesi, akisema chupa imefanya kazi. Hakusikika akimtaja Magdalena.

Na kwa kuwa kijiko kimoja kilileta mimba, Andrea akaamua vitatu vitaleta mtoto wa kiume. Akaongeza mafuta ya samaki. Akaongeza vile vidonge vya njano, viganja kwa viganja. Magdalena alitapika dawa, akatapika na chakula kidogo kilichobaki. Kila nilipokwenda kumwona nilikuta ananuka samaki na sukari, midomo imepauka, na pembeni ya mdomo vumbi la udongo wa kichuguu aliokuwa akila kwa kujificha.

Nikamwambia aoge, twende kwa masista. Andrea alikuwa pombeni akieleza habari za Burma, kwa hiyo hatukuhitaji ruhusa.

Sista Anastasia alimvuta kope ya chini, akatazama. Akamtazama kucha. "Mama, huna damu," akasema. "Unakula nini?"

Magdalena akaanza kumhesabia chupa.

"Sikuulizi unakunywa nini. Unakula nini?"

Mdogo wangu akainamisha kichwa. Sista akampa vidonge vya kuongeza damu, vidogo, vimefungwa kwenye karatasi, akamwambia ale mchicha, maharage, dagaa, na maini yakipatikana. "Yale mengine yaache yote. Mafuta ya samaki mengi namna hiyo yanaweza kumdhuru mtoto. Na usiogope, hivi vidonge vitafanya choo kiwe cheusi. Ni kawaida."

Hatukulipa kitu. Hilo ndilo kosa kubwa la vile vidonge. Andrea alipoviona alivigeuza kiganjani kama mtu aliyepewa noti bandia.

"Vya bure?" akasema. "Mke wangu ale vya bure kama maskini? Dawa ya kweli ina chupa. Ina picha."

Magdalena akavimeza hivyo hivyo, siku kadhaa. Kisha siku moja Andrea akaingia chooni baada yake, akatoka anapiga kelele kwamba masista wamemlisha sumu, ameona kwa macho yake. Magdalena alimweleza alivyoambiwa na Sista. Andrea akavichukua vidonge vyote akavitupa shimoni, kisha akanawa mikono kwa madaha.

Wiki iliyofuata Magdalena alianguka shambani. Niliposikia jembe linagonga jiwe nikageuka, nikamwona amelala kwenye miche ya kabichi, uso rangi ya majivu. Mimi na jirani yetu Maria tulimbeba hadi kwangu. Nilimwacha na Maria, nikapanda kwa mjomba Kasiani bila hata kunawa miguu.

Mjomba alikuwa mtu wa maneno machache. Alisikiliza, akachukua kofia yake. Tulipofika tulimkuta Andrea amewahi, amesimama kando ya kitanda na kijiko mkononi.

"Shikamoo, mjomba," akasema.

"Marahaba. Weka hicho kijiko chini." Mjomba akaketi. "Magdalena, mwanangu, unaweza kusema?"

Nilitegemea kwamba angemtetea tena. Alijiinua kwa kiwiko.

"Mjomba, nimekunywa kila alichonipa. Nimesimama mlangoni kama askari, nikameza. Sikusema kitu kwa sababu nilidhani anamtaka mtoto. Lakini huyu amechungulia choo changu akaona sumu. Mimi mwenyewe ananitazama kila siku, na haoni kama nakwisha."

"Mimi ndiye niliyemleta huyo mtoto!" Andrea akapaza sauti. "Bila vitamini zangu tumbo hilo lingekuwa tupu mpaka leo!"

Mjomba akasimama. "Basi zichukue uende nazo," akasema. "Mtoto ni wa huku."

Andrea akacheka, akidhani ni utani. Akatutazama mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza nikaona amekumbuka amesimama kwenye ardhi ya nani. Alifunga vitu vyake jioni ile. Shuka moja ilitosha, na nusu ya mzigo ilikuwa chupa. Alivyoshuka njia ya Mlali zilikuwa zikigongana mgongoni mwake, tukazisikia mpaka bondeni.

Magdalena alilia usiku kucha kwa ajili yake. Sikulielewa lile na silielewi hata sasa, lakini nilikaa karibu naye.

Sista alitupa vidonge vingine bila kutusema. Nilimpikia mchicha na maharage mpaka akachoka kuniona na chungu. Hata hivyo uzazi ulikuwa mgumu. Alitoka damu nyingi, na siku mbili masista walikuwa wakiingia na kutoka bila kutujibu. Alipona. Mtoto alikuwa mdogo, mwenye hasira, mzima. Wa kike. Magdalena hakuzaa tena.

Miaka ikapita. Siku moja niko sokoni Morogoro nimepanga karoti zangu, nikasikia sauti ninayoijua. Andrea alikuwa nyuma ya meza, kavaa tai, mbele yake chupa nyekundu mstari mzima, na wanawake wamemzunguka, wengine vijana kabisa, wamekaza macho kwa matumaini.

"Mke wangu alikuwa tasa!" alikuwa akisema. "Madaktari walishindwa, masista walishindwa. Kwa chupa hii, leo nina mtoto mwenye nguvu, anapanda milima kama swala!"

Nikasogea mpaka mbele. Aliponiona akajikaza akatabasamu, akidhani labda sitasema kitu mbele za watu.

"Hongera, bwana," nikasema. "Mtoto wako anaitwa nani?"

Akafungua mdomo. Akatazama chupa, kama vile jina limeandikwa pale. Wanawake wakamsubiri.

"Anaitwa Andrea," akasema hatimaye. "Andrea mdogo."

Mwanamke aliyekuwa kando yangu alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kuchukua chupa. Nikamshika kiwiko, nikamwambia, "Dada, mtoto huyo ni msichana, na baba yake hajawahi kumwona. Nenda kwa masista wakutazame macho. Mpeleke na mumeo." Akaurudisha mkono wake. Wengine wawili watatu wakaondoka pamoja naye.

Andrea akanifuata hadi kwenye karoti zangu, jasho linamtoka chini ya tai. "Shemeji," akanong'ona, "niambie basi. Anaitwa nani?"

Nikamuuliza kama anataka karoti. Akasema hapana. Basi nikamwomba asimame pembeni, ananizibia wateja.