Kikohozi Kisichojibiwa

Bartolomayo alimkuta mama mkwe wake chooni, amechuchumaa, Jumamosi saa nne asubuhi, jua likiwaka. Hakuna namna ya kulisema jambo hilo likawa dogo.

Nyumba ilikuwa mtaa wa Kikuyu, mjini, vyumba saba, choo kimoja cha shimo uani. Mlango wake wa bati ulikuwa umeng'oka mwaka uliotangulia. Mwenye nyumba, mzee Mazengo, alipoambiwa alijibu kwamba siku hizi ni soko huria, asiyetaka gunia akapange penye mlango. Basi likaning'inizwa gunia. Gunia halina komeo, kwa hiyo wapangaji walijitungia sheria: ukikaribia, kohoa. Aliyemo naye akohoe. Kukiwa kimya, pita. Kwa sheria hiyo watu ishirini na wawili walistahiana.

Bartolomayo alikohoa mara mbili. Tangu apunguzwe kazi kwenye shirika la umma, adabu ndiyo mali pekee aliyobaki nayo. Kimya. Akafunua gunia.

Sasa alikuwa amekaa juu ya jiwe nje ya chumba chake, kichwa chini, akimsikiliza mkewe Devota akimhoji mama yake ndani.

"Mama, si nilikwambia ukisikia mtu anakohoa, na wewe ukohoe?"

"Ulisema mtu," bibi Zipora akajibu. "Yule si mtu, ni mkwe. Kikohozi chake nakijua. Nimjibu mkwe wangu nikiwa vile? Nimwambie nini, karibu?"

Bartolomayo alifumba macho. Mke wake alikuwa amemfundisha mgeni kila kitu, na mgeni alikuwa ameelewa kila kitu. Huko Mlali, kijijini kwao, mama hasemi na mkwewe hata njiani, sembuse chooni. Yule bibi alinyamaza kwa heshima, naye akaingia kwa heshima.

"Baba Lydia, pole," Priska wa chumba cha tatu alimwambia, akisugua sufuria. "Wenzio mkwe humwona uso tu, tena kwa kuibia."

"Mwache mwenzio," akasema Denis, karani aliyepanga chumba cha mwisho. "Ni bahati mbaya."

"Bahati mbaya ni kuteleza, Denis. Huyu kafunua."

Wakacheka. Bartolomayo hakucheka, maana alijua kilichokuwa njiani. Bibi Zipora hakuja kutembea. Alikuwa na presha ya macho, anaona vivuli tu, na madaktari wa macho walikuwa wamekuja mjini kwa wiki mbili. Zamu yake ya kupasuliwa ilikuwa Jumatatu. Ikipita hiyo, macho yanakufa.

Devota alitoka, ameshika ncha ya khanga yake.

"Mwambie mama nitalala kwa rafiki yangu Yotham mpaka apone," Bartolomayo alisema. "Sitakanyaga hapa."

Devota akaingia, akatoka. "Anasema hata uende mbali kama Kolo, ulichokiona umekiona. Mpaka kondoo wa kuosha aibu achinjwe kwao na wazee waseme, hali wala hanywi nyumbani kwako."

"Na Jumatatu?"

"Anasema macho ni yake."

"Mwambie daktari hamsubiri kondoo!"

"Mwambie wewe," Devota akasema, kisha akakumbuka kwamba hawezi, akaanza kulia.

Priska alijitolea kumlaza bibi chumbani kwake. Bibi akauliza wanatumia choo gani. Akaambiwa ni kile kile. Saa saba alikuwa juu ya gari la Kongwa, Devota kamshika mkono.

Kondoo alipatikana baada ya wiki tatu, Bartolomayo alipouza baiskeli yake. Wazee wa Mlali walimchinja, wakasema, wakala. Bibi Zipora akatoa sauti nyuma ya ukuta, ya kwanza ambayo Bartolomayo aliisikia ikielekezwa kwake: "Yamekwisha, mkwe." Madaktari walikuwa wameondoka siku tisa nyuma. Waliporudi mwaka uliofuata, mmoja alimmulika kwa tochi, akaizima upesi. "Mngemleta mwaka jana," alisema.

Devota hakurudi Kikuyu. Bartolomayo alimfuata mara mbili kumbembeleza. Mara ya pili Devota alimsikiliza mpaka mwisho, akipepeta mtama, halafu akamuuliza, "Nikija huko, nani atamshika mkono mama kwenda chooni? Wewe?"

Alirudi mjini siku hiyo hiyo.

Jicho la kulia lilizimika kabla ya mvua, la kushoto baada ya Pasaka. Devota yuko Mlali mwaka wa nne sasa. Lydia alimfuata mama yake, akaachia shule darasa la tatu. Baiskeli ilikwenda kwa kondoo, na kondoo aliliwa siku moja.