Makofi ya Jumatatu

Kwa Bwana Kebaso hakukuwa na shida. Neno lenyewe alilipiga marufuku ofisini. "Sema inafanyika," angekwambia akikunyooshea kalamu. "Shida ni za watu wa sokoni." Na kila Jumatatu asubuhi, kabla hata chai haijachemka, alitusimamisha mbele ya ubao wake mweupe wenye safu tatu, Itafanyika, Inafanyika, Imefanyika, kila mtu atoe apdeti, taarifa yake ya wiki. Jambo lako likihamia Imefanyika, ulipigiwa makofi matatu. Pa, pa, pa. Watu wazima na akili zao, nakwambia.

Tulikuwa ghorofani, juu ya duka la misumari na mabati mjini Kericho. Kazi yetu ilikuwa kuingiza kwenye kompyuta rekodi za wagonjwa wa hospitali moja ya misheni, na mwaka huo wa tisini na saba hilo lilikuwa jambo la kuletewa wageni. Walikuja na suti zao, wakasimama nyuma yetu kututazama tukipiga chapa. Hospitali nayo ilifurahi mpaka ikachoma kadi zake za zamani. Tangu siku hiyo, bila karatasi kutoka kwa printa yetu ulikuwa hupewi dawa, hulazwi, hupasuliwi.

Sasa sikia hii. Beverly, mwenzangu aliyetoka upande wa ziwa, alikuwa akiandika majina jinsi anavyoyasikia. Na sisi Wakipsigis, tusidanganyane, p na b kwetu ni ndugu, k na g vilevile. Mtu angekuja leo akaandikwa Chepkorir, akirudi baada ya mvua ni Chebgorir, na kompyuta ikamhesabu watu wawili. Bwana Kebaso akaona hapo ndipo pa kung'aa. Akamwagiza Eliakim, fundi wetu aliyekaa Nakuru, aiambie kompyuta kwamba b na p ni herufi moja, g na k ni herufi moja, na majina yakifanana na kijiji kikiwa kimoja, basi faili ziunganishwe. Zikaunganishwa kwa maelfu. Ripoti ikaenda Nairobi kwa wenye kampuni, ikarudi na pongezi, na makofi yalipigwa mpaka mwenye duka la chini akapanda kuuliza kuna nini.

Mimi ndiye niliyekuwa Mkipsigis pekee chumbani na hakuna aliyeniuliza kitu, ila kunitania tu. "Sally, sema 'kikapu cha kabeji' tukusikie." Wangeniuliza, ningewaambia Chepkorir si mtu, ni saa. Msichana akizaliwa kunakaribia kupambazuka, huyo ni Chepkorir, basi, mambo yameisha. Na Merigi kunapambazuka kila siku.

Kule Merigi ndiko alikokuwa mama yangu mdogo, Raeli Chepkorir. Mamangu alifariki nikiwa mtoto, kwa hivyo ndiye aliyenilea, na nilimwita mama bila hiyo "mdogo". Alikuwa na majani chai yake kidogo mteremkoni, ng'ombe mmoja mkaidi, na mdomo ambao hata kasisi aliuogopa. Mwezi wa tisa tumbo likaanza kumsumbua, damu ikawa inamtoka isivyo kawaida. Hospitalini wakampima, wakasema kuna uvimbe, na lazima utolewe haraka. Daktari wa upasuaji alikuwa akija mara moja kwa mwezi, siku ya Alhamisi, anapasua walio kwenye orodha kisha anaondoka. Orodha hiyo ilitoka kwenye printa yetu.

Ilipotoka ya mwezi wa kumi, nilimtafuta mara ya kwanza, nikamtafuta tena kwa kidole. Raeli hayumo. Nikafungua faili yake. Jina: Raeli Chebgorir. Kijiji: Merigi. Hali: Marehemu.

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nilijua ni nani huyo. Kulikuwa na Raeli Chebgorir mwingine hapo hapo Merigi, ng'ambo ya mto, aliyekufa hospitalini kwa malaria mwaka uliotangulia, na kwenye matanga yake nilipakua wali mimi mwenyewe. Kompyuta ilikuwa imewaunganisha wawili hao ikawazika pamoja. Nikajua ni kazi ya dakika, nikaenda kwa Bwana Kebaso.

"Andika ombi," akasema. "Jumatatu utalitoa kama apdeti."

Jumatatu nikasimama. Nikasema kuna mgonjwa ambaye mtambo unasema amekufa na hajafa. Bwana Kebaso akaandika ubaoni, kwa mwandiko wake mzuri, *Chepkorir, Merigi*, chini ya Inafanyika. Kidogo anipigie makofi kwa kulileta tu. Ile Alhamisi daktari alikuja, akapasua watu wake, akaondoka.

Mwenyewe sikuwa na uwezo wa kumtoa mtu kwa marehemu. Sisi wapiga chapa tungeweza kumuua mtu, lakini kumrudisha kulihitaji neno la siri, na neno la siri alikuwa nalo Eliakim. Nikajaribu ujanja. Nikamfungulia mama faili mpya, safi, jina na kila kitu. Asubuhi nikaikuta haipo. Ile sheria ya b na p ilikuwa imeimeza usiku, ikairudisha kwa yule maiti. Nikafungua nyingine. Ikamezwa. Niliipiga hiyo kompyuta kofi la ubavuni mpaka Beverly akanishika mkono.

Jumatatu iliyofuata Bwana Kebaso akauliza, "Chepkorir?" Nikasema bado. "Inafanyika," akanisahihisha. Nyingine vivyo hivyo. Wakati huo mvua ya El Nino ilikuwa imeanza, barabara ya Nakuru inakatika kila wiki, na Eliakim kwenye simu ana sauti ya mtu aliyekalia kiti kizuri. "Dada Sally, nikimfungua huyo mmoja kwa mkono, ile sheria itamrudisha tu. Ni mpaka niizime sheria yenyewe. Nikiizima, zile faili zote zinaachana. Muulize bosi kama anataka hivyo."

Nikamuuliza bosi. Alifunga mlango kwanza.

"Sally, mkataba wetu na hospitali unaangaliwa mwisho wa mwaka. Nitawaambia nini Nairobi? Kwamba zile faili tulizopunguza zimerudi?"

"Utawaambia kuna mtu atakufa."

"Usiseme hivyo. Mambo yanafanyika."

Ndipo nilipoamua kumleta mama mwenyewe ofisini. Kama hawasikii, wataona. Mama alipanda ngazi zile akipumzika kila baada ya hatua chache, amevaa sweta yake ya kanisani, uso umekuwa wa majivu. Lakini mdomo ulikuwa pale pale. "Kwa hivyo mimi nimekufa," akaniambia mlangoni. "Na hiyo nyama ya matanga yangu alikula nani?"

Nikamsimamisha mbele ya ubao, Jumatatu, wafanyakazi wote wapo. Bwana Kebaso aliinuka kwa heshima, akampa kiti chake mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya, ndiyo maana nashindwa hata kumchukia vizuri.

"Karibu, mama. Unaitwa nani?"

Na mama, kwa sauti aliyopewa na wazazi wake, akajibu, "Raeli Chebgorir."

"Wa wapi?"

"Merigi."

Bwana Kebaso akageukia kompyuta, akasoma, kisha akatutazama kwa masikitiko. "Si mnaona? Jina ni hilo hilo. Mtambo haujakosea jina."

"Bwana Kebaso!" Nilipiga kelele. "Si huyu hapa, anapumua?"

"Mimi namwona, Sally. Mtambo ndio haumwoni." Akamwinamia mama. "Mama, usiwe na wasiwasi. Jambo lako linafanyika." Na kwa kuwa alikuwa mgeni wa kampuni, akaomba apigiwe makofi. Wakampigia. Beverly alikuwa akilia huku anapiga.

Mama alinitazama. Hakuna siku niliyojiona si kitu kama siku hiyo. Niliyesomeshwa kwa majani chai yake, mwenye kiti na kompyuta na kalenda ya kampuni ukutani, nilimshika mkono nikamteremsha ngazi nilizompandisha.

Alhamisi ya daktari, mwezi wa kumi na moja, nilimpeleka bila orodha. Nikaandika jina lake kwa kalamu kwenye karatasi, nikaligonga muhuri wa ofisi yetu. Sista Aoko, msimamizi wa chumba cha upasuaji, alinisikiliza mpaka mwisho. Aliingia ndani kumwomba daktari, akatoka amekunja midomo.

"Daktari anasema hawezi kumkata mtu ambaye hospitali imeandika amekufa. Akimfia mezani, atasema alimpasua nani? Pole sana, dada yangu. Hiyo karatasi yenu ikitoka hata saa nane, mlete mbio."

Nilikimbia kwenye mvua mpaka ofisini. Eliakim hapatikani. Bwana Kebaso yuko Nairobi kuwaonyesha wakubwa maendeleo. Saa nane ikapita, saa tisa ikapita. Niliporudi, mama alikuwa amelala kwenye benchi, kichwa juu ya kikapu chake, na daktari ameshaondoka. Nikakaa sakafuni karibu naye. Nilitaka kutukana mtu lakini nilikosa wa kumtukana.

Hakufika mwezi wa kumi na mbili. Damu ilimtoka usiku mmoja ikakataa kukoma, na majirani walipomfikisha hospitalini alikuwa ameshakata roho.

Kaka zake walikuja na pikapu kumchukua siku ya Ijumaa, kaburi limeshachimbwa Merigi na watu wamejaa nyumbani. Mzee Johana wa mochari akaleta karatasi yake, akaisoma, akavua miwani. "Huyu mwili wake ulishachukuliwa," akasema. "Mwaka jana. Imeandikwa hapa. Siwezi kutoa mtu mara mbili."

Wajomba zangu si watu wa maneno mengi. Waliketi chini mlangoni pa mochari, wakasema hawatoki na hakuna atakayepita. Mwili mwingine ukaja, ukazuiwa. Nikakimbilia ofisini; mkuu wa hospitali akapiga simu kwa Bwana Kebaso, na sauti yake tuliisikia sote kutoka kwenye ule mkono wa simu. Alisema kitu kuhusu mkataba.

Kabla ya saa sita Eliakim alikuwa amefika, viatu vyake vikavu. Kumbe barabara ilikuwepo. Akakaa kwenye kiti changu, akaandika neno lake la siri, akaizima ile sheria. Chai yake ilikuwa bado moto alipoinuka. "Haya, dada Sally."

Nikatazama. Raeli Chepkorir, kwa p na kwa k. Merigi. Hali: Hai.

Nilikuwa bado nalitazama hilo neno printa iliponguruma pembeni. Hakuna aliyeiagiza. Beverly akachomoa karatasi, akaisoma, akaniangalia kana kwamba anaogopa kunipa. Ilikuwa orodha ya upasuaji ya mwezi wa kumi na mbili. Mtambo, baada ya kumwona mama, ulikuwa umehesabu nani amengoja zaidi ya wenzake. Jina la kwanza lilikuwa lake.

"Sasa badilisha, Sally," akasema Bwana Kebaso kwa upole, mkono begani pangu. "Mzee Johana anangoja karatasi ya kutolea mwili."

"Badilisha wewe."

"Mimi sijui kupiga chapa."

Beverly akasema, "Wacha nifanye mimi." Nikakataa. Kama ni kuuliwa, afadhali auliwe na mtu wake. Nilipiga herufi moja moja, M, A, R, na machozi yakanifanya nikosee, nikafuta, nikaanza upya. Ikatoka karatasi, wajomba wakapewa mtu wao, tukamzika jioni hiyo kwenye matope.

Jumatatu nilienda kazini kwa sababu sikujua pengine pa kwenda. Ubao ulikuwa pale. Bwana Kebaso aliniambia pole, tena kwa moyo, akasema kampuni itatuma sukari na unga nyumbani. Kisha akachukua kalamu.

"Chepkorir, Merigi. Apdeti?"

Nilisimama. Nilikuwa nimepanga maneno usiku kucha, matusi ya Kipsigis na ya Kiswahili, yote niliyokuwa nayo. Nikafungua mdomo.

"Imefanyika," nikasema.

Akalifuta jina safu ya katikati, akaliandika safu ya mwisho. Nao wakapiga.